Mgeni ana bima ya kurudishwa kwao, hujaji wetu je?

Mleta mada:
Asalaam aleikum. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar sharti awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Inalipia matibabu ya dharura, na kumrudisha kwao akiumia. Jambo jema kabisa. Lakini mzee wetu wa Micheweni, Pemba, akiumia Mina, karibu na Makka, akiwa Hija, nani anamrudisha?

Kwenye msongamano wa Mina, Septemba 2015, Watanzania walikuwemo katika waliokufa. Jamaa walizunguka hospitali wakitafuta watu wao. Ihramu, shuka anazovaa hujaji mwanamume, haina mfuko. Mkoba wa kiunoni wenye vitambulisho ukikatika, mtu hulazwa bila ya jina.

Mambo ya nje ni ya Muungano, afya si ya Muungano. Majeruhi wetu akiwa Saudia yumo mikononi mwa ubalozi, akitua Unguja ni wa Wizara ya Afya ya Zanzibar. Safari ya katikati haina mwenyewe. Mimi nasema taasisi ya Hija isiruhusiwe kusafirisha watu bila ya bima ya kundi yenye machela na muuguzi wa kusindikiza.

Mchangiaji, Wete:
Maalim, haraka ya nini? Saudia inatibu mahujaji bure. Aliyetoboka pafu, hewa ikavujia kifuani, hapandishwi ndege, kule juu hewa hiyo hutanuka. Tena mzee kauza karafuu miaka na miaka kupata nauli ya Hija. Kila nyongeza inamwacha mmoja nyumbani. Bora pesa hizo zimpeleke mwanawe akamuuguze huko huko.

Mleta mada:
La kifua nakubali, hapo daktari ndiye mwenye kauli. Ila msafara una tarehe ya kurudi. Wenzake wakishaondoka, mwenye nyonga iliyovunjika hawezi kukaa kitini. Machela inachukua viti kadhaa vya ndege ya abiria na vyote vinalipiwa. Ndipo michango inapoanza kupitishwa misikitini. Gharama hiyo ikigawanywa kwa mahujaji wote tangu mwanzo, haimlemei mmoja.

Baada ya mabomu ya Bali, 2002, Australia iliwapeleka majeruhi Darwin kwanza, wakatulizwa, ndipo wakagawiwa hospitali za miji mingine. Kwetu kituo hicho kingekuwa Muhimbili, na nani alipe nini kiandikwe kabla ya msimu, si siku ya msiba.

Wenye taasisi za Hija mnaosoma hapa, tujibuni: bima zenu zinataja machela, au zinataja kusafirisha maiti tu? Hujaji akifa Makka huzikwa huko huko.