Mtoto wa miaka 6 kaandikiwa dawa ya saratani na hana saratani. Nimpe au nisimpe?

Mama wa Gungu
Habari zenu wakuu. Ni ndefu, nivumilieni.

Nipo Kigoma mjini. Binti yangu ana miaka 6, yupo darasa la kwanza. Tangu mwezi wa tatu goti lake la kushoto limevimba, kikafuata kifundo cha mguu wa kulia. Hakuna jeraha wala wekundu, ila goti limejaa kama embe bolibo na ukiligusa lina joto. Shida yenyewe ni asubuhi. Anageuka kifudifudi, anateleza kitandani taratibu mpaka miguu iguse sakafu, ndipo anasimama kashikilia chandarua. Kwenda chooni anatembea kama bibi yake. Ikifika saa nne unamkuta anaruka kamba na wenzie, ndiyo maana mwalimu wake anasema anadeka, anakwepa mchakamchaka.

Tumezunguka. Katibiwa malaria mara mbili, taifodi mara moja, tukaambiwa ni kukua tu. Selimundu kapimwa, hana. Mama mkwe yeye kasema baridi yabisi ni ya wazee, ukiiona kwa mtoto ujue kuna mkono wa mtu. Akamchua na mawese wiki nzima (ngozi imekuwa nyororo, goti lipo palepale). Mwisho tukapewa rufaa ya Mwanza. Daktari kule akasema ni yabisi ya watoto, kinga ya mwili imepotea njia, inavishambulia viungo vyake yenyewe. Akaandika methotreksati.

Nimeinunua hapa mjini. Dada wa dukani akaniuliza kwa huruma, "Pole, mwanao ana saratani?" Usiku nikaingia mtandaoni, kumbe kweli ni dawa ya saratani! Daktari alieleza mengi ila kichwa changu kilikuwa kimejaa, nilikuwa nalia tu. Jana usiku nimempa mara ya kwanza, vidonge vinne kama bahasha inavyosema: 4×1. Baba yake anarudi kesho kutoka ziwani na anataka tuache kabisa. Leo nimpe au nisimpe?

Mgebuka Mkavu
Acha hiyo sumu dada. Watoto wetu ndio panya wa majaribio wa mzungu. Tafuta mlonge.

Kaunta ya Dawa
Dada, LEO USIMPE. Si kwa sababu za Mgebuka. Mimi ni mfamasia, na hiyo bahasha imenishtua kuliko jina la dawa.

Methotreksati ya viungo hunywewa mara moja kwa WIKI. Sisi huku 4×1 tunaisoma vinne mara moja kwa siku. Aliyeandika hivyo bila neno "wiki" amekosea vibaya. Mtu akiinywa kila siku, uboho unaacha kutengeneza damu, mdomo unachubuka, na watu wamekufa kwa kosa hilihili. Jana umempa, basi mpaka siku kama hiyo wiki ijayo. Kesho mpigie daktari wako wa Mwanza uhakikishe dozi. Mwambie na baba yake, maana mwenye haraka ya kusaidia ndiye hurudia dozi.

Sasa hofu yako. Ndiyo, dawa hii ilianzia kwenye saratani. Huko dozi moja inaweza kuvuka gramu nzima. Kama vidonge vyako ni vya miligramu 2.5, vinne ni miligramu 10 kwa wiki. Kwa kipimo hicho kazi yake ni kuituliza kinga iliyochachamaa. Dawa kubadili kazi si ajabu. Mnaikumbuka klorokwini iliyotuwasha utotoni mpaka tukajikuna na gunzi? Ndugu yake, haidroksiklorokwini, leo ndiyo tegemeo la wagonjwa wa lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili wake yenyewe.

Uliza pia kama kaandikiwa foliki, vile vidonge wanavyopewa wajawazito. Vinapunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Na damu yake ipimwe kila wanapokupangia, wingi wa damu na ini, hata akionekana mzima.

Mgebuka Mkavu
Sawa mfamasia, lakini nani aliijaribu kwa watoto? Maana nyie mnapima kwa watu wazima mnagawanya kwa mbili.

Kaunta ya Dawa
Swali zuri, mara hii sikubishii. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa madaktari wa Marekani na Umoja wa Kisovieti, watu waliokuwa wakitishiana mabomu. Watoto 127 ambao dawa nyingine zilishindwa waligawanywa makundi matatu: dozi ya chini, dozi ya juu kidogo, na vidonge vitupu visivyo na dawa. Si mzazi wala daktari aliyejua nani anameza nini. Baada ya miezi sita, kwenye dozi ya juu walipata nafuu 63 kati ya kila 100. Kwenye vidonge vitupu 36. Dozi ya chini ikafanana na vitupu! Hukugawanywa kitu kwa mbili hapo. Ila usitegemee goti lishuke Jumatatu, inaweza kuchukua wiki sita hadi kumi na mbili kabla hujaona tofauti.

Kijana wa Katubuka
Mbona mdogo wangu kipimo cha RF, kile cha damu cha kutafuta yabisi, kilitoka hasi wakasema hana yabisi?

Kaunta ya Dawa
Watoto wengi wenye yabisi hutoka hasi. Kipimo hicho kinasaidia zaidi kwa watu wazima. Mrudisheni.

Nyuki wa Sikonge
Mimi niko Tabora, mtu mzima, mwaka wa tisa kwenye dawa hiyohiyo. Nakunywa Ijumaa usiku, kichefuchefu kinanikuta usingizini. Nikuongezee moja, nimeilipia. Nilipata kikohozi, nikaenda zahanati moja nikapewa Septrini. Sikusema nipo kwenye methotreksati, nao hawakuuliza. Siku ya nane mdomo mzima vidonda, hata uji wa ulezi ulikuwa unapita kama pilipili. Damu ilishuka nikalazwa. Septrini na methotreksati hazikai chungu kimoja, na SP ya malaria vilevile. Andika kwenye daftari la kliniki la mtoto, ukurasa wa kwanza, maana siku anaumwa si lazima uwe wewe unayempeleka.

Behewa la Mwisho
Dada, macho yake yamepimwa? Nakuuliza kwa uchungu. Wangu alianza hivyohivyo, goti moja, akiwa na miaka minne. Goti likapona tukashukuru, kliniki tukaacha. Kumbe kinga ileile ilikuwa inachoma ndani ya jicho, bila wekundu, bila maumivu, na mtoto mdogo hasemi haoni vizuri kwa sababu hajui vizuri kukoje. Tuligundua siku alipoziba jicho la kushoto kwa mchezo akasema, "Baba, umekuwa moshi." Sasa yupo kidato cha tatu, jicho la kulia haliponi. Watoto wadogo wenye aina hii wanatakiwa kuangaliwa kwa ile mashine ya kuwekea kidevu, wengine kila miezi mitatu, hata kama wanasoma ubao wote.

Mama wa Gungu
Nimesoma kila mstari nikitetemeka. Jana usiku sikumpa. Leo asubuhi daktari kapokea simu, kasema ni kwa wiki, na foliki ilikuwa kwenye karatasi ila dukani hawakuwa nayo, wakanyamaza. Macho hayajapimwa, amenipa tarehe.

Baba yake kafika saa tano ananuka dagaa. Kabla sijafungua mdomo kashaichukua bahasha, kaisoma: "Nne mara moja. Leo umempa?" Nikaona kumbe hata yule aliyetaka tuache angempa. Nimemsomea huu uzi wote, ule wa jicho kaniambia nirudie. Kisha kaomba kalamu nyekundu ya mtoto, kafuta 4×1, kaandika IJUMAA TU, kaitundika bahasha kwenye msumari juu ya redio.

Mgebuka, mlonge tunakula, ila kama mboga.