Tupeane uzoefu: siku laivu bendi ilipokuchachia baa

Gitaa Bovu: Wakuu habari zenu. Bango limeshabandikwa mlangoni, Jumamosi ijayo baa ya jirani kuna laivu na safari hii bendi ni sisi wenyewe, watu wanne, mara ya kwanza mbele ya watu waliokuja kunywa sio kutusikiliza sisi. Jana nimepita kuangalia jukwaa, kumbe jukwaa lenyewe ni kona kati ya mlango wa choo na friji. Usingizi umekata. Mliowahi kupiga au hata kukaa tu mkasikiliza, leteni yaliyowakuta, ya kuchekesha na ya kutisha yote napokea.

Mama Kwaya: Choo!! Na sisi tulipangwa hapo hapo mdogo wangu. Kila anayeenda anapita katikati ya bendi na kila anayerudi anaomba wimbo wake. Mmoja alimwambia mpiga dramu apunguze huku bado anafunga zipu.

Pole Pole: Hapo kwenye zipu nimecheka peke yangu ofisini 😂

Besi Nne: Mimi ni maiki kupiga mluzi. Mwimbaji wetu alikuwa na mapozi, anaikumbatia maiki na kiganja chote juu kwenye chujio. Sasa maiki kama ile Shure SM58, ambayo iko sokoni tangu 1966, imetengenezwa isikie mbele na nyuma isisikie sana, ukiiziba pale inaanza kusikia pande zote na spika nayo inaisikia. Sauti inatoka kwenye spika inaingia kwenye maiki inarudi kwenye spika, kufumba na kufumbua baa nzima wameziba masikio. Mhudumu akaachia trei. Glasi sita. Na tukakatwa kwenye malipo yetu.

Anko Mixa: Spika zikae mbele ya maiki, kwisha. Hamna haja ya hadithi ndefu.

Besi Nne: Amekwambia yuko kati ya choo na friji, spika aziweke wapi mkubwa, ndani ya friji?

Anko Mixa: Basi asipige.

Pole Pole: Hiyo friji nayo muiangalie, ikiwa laini moja na mixa kila inapowaka spika inagonga "tap". Sisi tulidhani ni mpiga dramu.

Kimya Kingi: Sikutaka kuchangia ila hiyo friji imenikumbusha kitu. Na sisi tulikuwa na friji mgongoni. Tangu tunafanya saundi cheki spika zinavuma tu mmmmmmm, mwenye baa kanuna, mimi ndiyo najifanya fundi wa bendi. Nikafungua plagi ya ampu ya gitaa nikachomoa waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Kimya. Mvumo umekufa pale pale, jamaa wakanipigia makofi na mimi nikavimba kichwa kwelikweli. Nisichojua ni kwamba ile ampu ilikuwa kuukuu na ndani inavujisha umeme kwenye bodi, siku zote ulikuwa unaondoka na ule waya, sasa nimeutoa ukabaki kwenye bodi na kwenye nyuzi za gitaa, na mixa yenyewe ethi yake nzima. Nyimbo mbili za kwanza mwimbaji aliimba bila gitaa. Wimbo wa tatu akachukua gitaa, mkono kwenye nyuzi, akasogeza mdomo mpaka ukagusa maiki. Akang'ang'ania. Shingo imekaza, macho yametoka, hatoi sauti, na watu wanashangilia wanadhani ni manjonjo. Mpiga dramu ndiye aliyeruka akang'oa ekstensheni ukutani. Jamaa akaanguka juu ya dramu, mdomo umeungua hapa chini, mungu saidia alikuwa mzima. Alipopata fahamu akasema maiki ndiyo imenirusha, na mimi nikaitikia ndiyo, maiki mbovu. Tukaitupa maiki nzima kabisa. Ni miaka tisa na sijawahi kumwambia.

Mama Kwaya: Yesu wangu.

Pole Pole: Nilikuja kucheka jamani.

Anko Mixa: Pole ila usijilaumu bure, hiyo ni fantom ya mixa. Volti 48 za kulisha maiki zinakuja na waya wake, ndizo zimempiga.

Waya Mbili: Acha kupotosha watu. Fantom inapita kwenye rezista za kilo-omu 6.8 zinazoubana umeme, hata ukiishoti haifiki miliampia 15. Haimng'ang'anizi mtu mzima vile. Ule ni umeme wa ukutani.

Anko Mixa: Umesomea wapi wewe?

Waya Mbili: Kwenye kiganja changu, kovu ninalo. Mvumo unautibu kwenye waya wa sauti, vyombo vyote kwenye soketi moja, na boksi ya DI, ile ya kuunganishia gitaa kwenye mixa, ina kiswichi chake cha kazi hiyo. Waya wa umeme hauguswi.

Anko Mixa: Nimepiga laivu kabla hujazaliwa.

Besi Nne: Na mpaka leo hujui fantom 😂

Pole Pole: Gitaa Bovu vaa viatu vya mpira, vika maiki sponji, na unywe mbili kabla ya kupanda.

Mama Kwaya: Asinywe hata moja! Na kabla ya kuweka mdomo gusisha nyuzi za gitaa kwenye maiki kwanza, ukiona cheche shuka, hata kama ukumbi umejaa.

Pole Pole: Sasa dada si ndiyo maana nikasema mbili.

Mama Kwaya: Kimya Kingi, kaka yangu, namba yake unayo?

Kimya Kingi: Ninayo. Kila mwaka ananitumia salamu za sikukuu.

Besi Nne: Kwani mtapiga muziki gani hiyo Jumamosi? Mbona hujasema.

Gitaa Bovu: Ngojeni kwanza. Niko hapa baa, nimemwomba mwenyewe bisibisi nikafungua plagi ya ekstensheni yao. Ule waya wa kijani na njano umekatwa, umekunjwa ukafungwa na gundi ya karatasi. Anasema waliupunguza kwa sababu spika zilikuwa zinavuma.