Vipepeo wa Kibada wamekwenda wapi?

Dalali_wa_Kibada
Wakuu habari za jioni. Nina swali ambalo mke wangu ananicheka nalo, nimeona nililete huku kwa wasionijua.

Nilihamia Kibada, Kigamboni, mwaka 2009. Enzi hizo ukishuka kwenye pantoni unatafuta usafiri mpaka lami inapoishia, halafu mguu. Kiwanja changu kilikuwa katikati ya mikorosho na pori la kiunoni. Baada ya masika, ukipita kwenye kile kinjia asubuhi, vipepeo wanainuka mbele ya miguu yako: weupe wadogo wanaoruka chini chini, wa njano, wale wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi, na weusi wakubwa wenye madoa ya njano. Binti yangu mkubwa alikuwa akiwafukuza na khanga ya mama yake mpaka anaanguka.

Mwezi uliopita mdogo wake kaja na zoezi la shule, achore kipepeo. Akaniuliza, "Baba, ana miguu mingapi?" Nikamwambia twende nje tukamhesabu. Tulizunguka mtaa mzima jamani, mpaka kwenye mtaro wa barabara kubwa. Hatukupata hata mmoja. Tukaishia kuhesabu kwenye simu.

Na wale wa usiku, nondo (nasema mdudu, sio nondo za milimita 12, msiniletee bei), zamani nikiwasha taa barazani asubuhi nafagia mabawa. Siku hizi taa ni nyingi kuliko zamani, nondo hamna. Jirani anasema ni minara ya simu. Nyie mnasemaje?

Mzaramo_Asilia
Milimita 12 sina, milimita 16 ninazo, nikuletee? 😂

Kweli lakini mkuu, hata Mbagala hamna. Nyumbani kipepeo akiingia ndani bibi alikuwa anasema tunapata mgeni. Siku hizi wageni wanapiga simu.

Mfugaji_Muheza
Dalali, nikuulize na mimi kabla sijajibu. Hicho kiwanja chako na vya majirani, vimepandwa nini?

Nauliza kwa sababu nimefuga vipepeo miaka kadhaa kule Amani, Usambara Mashariki. Tulikuwa tunauza pupa (kiwavi aliyejifunga kwenye ganda, akisubiri kutoka kipepeo), zinapelekwa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho, mpaka usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi uliposimamishwa 2016. Kitu cha kwanza unachofundishwa pale ni hiki: mfugaji wa vipepeo hapandi maua, anapanda majani. Maua ni chakula cha mkubwa, na mkubwa ana mabawa, atayafuata popote. Kiwavi hana mabawa. Anakula pale pale alipotagwa, na wengi wao wanachagua vibaya sana. Mwingine anakula aina moja ya mti au jamaa zake wa karibu, ukimpa jani lingine anakufa njaa amelikalia.

Huyo mweusi mwenye madoa ya njano anataga kwenye mndimu, mlimau, mchungwa. Wa njano wanapenda mijohoro na ndugu zake. Wa rangi ya chungwa anataga kwenye yale magugu ya porini yanayotoa utomvu mweupe. Kiwavi wake anaula ule utomvu na sumu yake, ndiyo maana ndege hawamgusi. (Mwambie mtoto kipepeo ana miguu sita. Ila huyo wa chungwa akimhesabu ataona minne, miwili ya mbele ni midogo sana kaikunja kifuani. Mwalimu asimkate maksi.)

Sasa niambie, hayo magugu ya utomvu yapo mtaani kwako?

Dalali_wa_Kibada
Mfugaji umenishika pabaya.

Mimi ndiye niliyeuza nusu ya viwanja vya huu mtaa. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016 simu yangu haikulala. Na swali la kwanza la mteja wa mjini, kabla hajauliza hati, ni "kimesafishwa?" Pori linamtisha, anafikiria nyoka. Kwa hiyo nilikuwa na vijana wangu wanne na mapanga, baadaye nikawa nakodi greda. Mikorosho, vichaka, magugu, vyote chini, siku moja, tunachoma moto. Picha ya kiwanja chekundu kitupu ndiyo inayouza. Hilo neno "kisafi" nimeliandika kwenye matangazo sijui mara ngapi.

Akishanunua anajenga fensi, anamwaga pevingi ukuta hadi ukuta, anaacha kijisehemu cha ukoka na ile miti mirefu myembamba ya mapambo. Nimepita leo makusudi kuangalia majani yake. Hayana tundu hata moja. Zamani ningesema bustani nzuri.

Magugu ya utomvu nimeyaona sehemu moja tu, nyuma ya gereji, kwenye kiwanja chenye kesi mahakamani.

Kilosa_Boy
Nyie wa Dar mnalilia vipepeo, sisi huku tunalia na viwavi. Viwavijeshi vamizi wameingia Afrika 2016, mwaka uliofuata walikuwa kwenye mahindi yangu. Na yule ni nondo kamili, anataga usiku. Ukimhitaji njoo uchukue gunia.

Mfugaji_Muheza
Kilosa pole, lakini umetoa mfano mzuri kuliko wangu. Umelima eka ngapi za mahindi matupu? Kwa nondo anayependa mahindi hiyo ni karamu. Kwa mamia ya wengine waliokuwa wanaishi kwenye pori lililokuwa hapo, ni jangwa. Mjini ni hivyo hivyo: hawapotei wote kwa pamoja. Anayekula mti uliopandwa na watu anabaki, tena anaweza kuongezeka. Anayeondoka ni yule wa msituni, kama wale wakubwa wenye mikia miwili ambao hawana habari na maua, wananyonya embe lililooza na mavi ya wanyama. Hao nenda misitu ya Pugu au Kazimzumbwi, pale ambapo wachoma mkaa hawajafika.

Dalali, mndimu unao?

Taa_ya_Chemli
Naongezea kuhusu nondo. Mdudu anayeruka usiku anageuza mgongo upande wenye mwanga, kwa sababu tangu dunia iumbwe mwanga wa usiku unatoka juu, angani. Ukimwekea bulbu pembeni anapinda, anapinda tena, anabaki anazunguka hapo mpaka anachoka au mjusi anamchukua. Mtafiti mmoja na wenzake walilionyesha hilo kwa kamera 2024.

Na si kwamba wanakufa tu kwenye taa. Kusini mwa Uingereza walihesabu viwavi kando ya barabara, utafiti ukatoka 2021. Kwenye vichaka vyenye taa za barabarani viwavi walikuwa pungufu kwa asilimia 47 kuliko vichaka vyenye giza, kwenye nyasi asilimia 33, na taa nyeupe za LED zilikuwa mbaya kuliko zile za zamani za rangi ya machungwa. Wanadhani jike haoni usiku ni usiku, hatagi. Kwa hiyo Dalali, taa zako za usalama nne ukutani...

Dalali_wa_Kibada
Sita.

Na mndimu ninao, Mfugaji. Upo karibu na jiko la nje, na nilikuwa naupulizia dawa kwa bomba kila nikiona majani yameliwa. Sikuunganisha kabisa. Nilikuwa nawaona wale wadudu wachanga weusi wenye doa jeupe, nikidhani ni kinyesi cha ndege, na wakubwa wa kijani ndio nilikuwa nawapulizia.

Tangu wiki mbili zilizopita bomba nimelifungia stoo. Walikuwepo watano. Mwanangu alimgusa mmoja na kijiti, akatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa na harufu kali hiyo, mtoto akakimbia huku anacheka. Wawili walitoweka siku moja, namshuku jogoo. Mmoja alikutwa na sisimizi. Wa nne sijui alikoishia. Wa tano ametembea kutoka kwenye mti mpaka ukutani, chini ya dirisha la jiko, akajifunga kwa uzi mmoja kiunoni, amegeuka pupa ya kijani iliyopauka.

Mke wangu anasema ndimu za msimu huu zitakuwa chache na niwajibu wageni mwenyewe. Fundi rangi anakuja Jumamosi. Nimemchorea duara kwa chaki, asipake humo ndani.