Nyumbani Muheza: mwembe wa uani

Jumamosi

Rama, 07:12
Asalaam alaykum wote. Picha hiyo ni mwembe wa uani. Upande wa barazani majani mazima, upande wa jikoni yamegeuka manjano na vijiti vya juu vinakauka. Jana kapita mtu wa mkaa, anasema mti umezeeka, yuko tayari kuuangusha bure akachukua magogo.

Zuhura, 07:15
Bure? Huyo ndiye wa kutulipa sisi 😂

Idi, 07:20
Mie naona auangushe tu. Msimu mzima embe zenyewe funza watupu, na wale sisimizi majimoto wamemng'ata Tatu mpaka mkono ukavimba. Au basi tununue dawa tuwapulize waishe.

Mama, 07:34
Ni mimi Tatu naandika. Bibi anasema mwembe hauguswi. Marehemu Babu aliupanda mwaka aliozaliwa Baba Idi, kwa hiyo kama mti umezeeka na Baba Idi naye kazeeka.

Zuhura, 07:35
😂😂😂 Kaka umepatikana

Rama, 07:36
Tumsubiri Mjomba jamani. Miaka yote ile ya ubwana shamba haikuwa ya bure.

Mjomba Salimu, 08:50
Nipo. Nilikuwa shambani.

Rama, 08:51
Shikamoo Mjomba.

Mjomba Salimu, 08:53
Marahaba. Huyo wa mkaa aende zake. Mwembe wa umri wa Idi bado kijana, iko iliyopita miaka mia na inazaa. Sasa Rama, umenipigia majani, nami nataka shina. Anzia kwenye udongo mpaka kimo chako, uzunguke pande zote.

Rama, 09:04
Udongo haupo Mjomba. Pavingi zimegota kwenye shina.

Mjomba Salimu, 09:05
Nani kaziweka?

Idi, 09:11
Nilizilipia mimi. Masika matope yalikuwa yanaingia mpaka jikoni, Mama nusura ateleze.

Mjomba Salimu, 09:13
Uani pawe pakavu, sawa. Ila mizizi nayo inavuta hewa, na maji yakianguka juu ya saruji yanakimbilia mtaroni, mti haupati kitu. Ng'oeni hatua moja na zaidi kuzunguka shina, kwingine ziacheni. Na picha ya tatu, pale kwenye kimo cha kichwa, ule mstari ni nini?

Rama, 09:20
Waya wa kuanikia nguo. Gome limeumeza, unachungulia upande wa ukutani tu, una kutu. Juu ya waya shina limefura kama tumbo la mtu aliyekaza mkanda, chini yake limesinyaa.

Mjomba Salimu, 09:24
Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Chakula cha mti kinapikwa kwenye majani, kisha kinateremka mizizini kwa kupitia gome la ndani. Waya umekaba njia, chakula kimerundikana juu, ndiyo maana pamefura. Mizizi ikikaa na njaa muda mrefu haina nguvu ya kupandisha maji, na majani ndiyo hayo manjano. Mti unakufa kwa njaa huku sisi tunatafuta mdudu.

Zuhura, 09:26
Subhanallah. Waya wa nguo?

Mama, 09:31
Bibi anasema waya huo aliufunga Mjomba Salimu, wakati Rama bado ananyonya, na haujawahi kumuua mtu.

Mjomba Salimu, 09:33
Mwambie Bibi yako mtu hajafa, kwa hiyo tuuokoe na mti. Rama, usiuvute kwa nguvu, utachuna gome na kuzidisha kidonda. Chukua koleo, kata kila unapoonekana, sehemu tatu nne ukizipata. Kinachotoka chenyewe kitoe, kilichozama kiache humohumo.

Rama, 09:35
Nipake chokaa baadaye? Majirani wote wanapaka.

Mjomba Salimu, 09:37
Chokaa inasaidia gome lisiungue jua mkishapunguza matawi. Haitibu chochote.

Idi, 09:40
Na majimoto? Hao tusiwaonee huruma Mjomba.

Mjomba Salimu, 09:46
Idi, hao ni askari wako unaotaka kuwafukuza. Nenda kwa wenye mikorosho Mtwara uwaulize: majimoto wanakula kunguni wanaofyonza machipukizi, na hata inzi wa matunda hapendi kutaga walipo. Ukipulizia dawa unawaua wao kwanza. Siku ya kuchuma tumia kingoe, na anayepanda ajipake majivu mikononi. Tatu asichezee yale majani waliyoyashona, mle ndimo wanamolelea watoto.

Mama, 09:47
Nilikuwa nachungulia tu 😢

Zuhura, 09:49
Kama ni askari mbona funza bado wamejaa?

Mjomba Salimu, 09:55
Kwa sababu ya jalala. Inzi huyu asili yake Asia, Kenya na hapa kwetu aligunduliwa mwaka 2003. Anatoboa ganda anataga ndani, embe inaanguka, funza anatoka anajizika ardhini, anapanda akiwa inzi. Embe zilizooza mnazitupa wapi?

Rama, 09:56
Nyuma ya choo.

Mjomba Salimu, 09:58
Basi mnawafuga. Msimu ujao ziokoteni kila asubuhi, mfunge kwenye mfuko mweusi wa taka ukae juani siku kadhaa mpaka funza wafe kwa joto, au mzifukie futi mbili. Au wapeni mbuzi siku hiyohiyo.

Idi, 10:02
Na vijiti vikavu?

Mjomba Salimu, 10:09
Huu ndio wakati wake, mavuno yamekwisha na masika bado. Anzeni na tawi kavu lililo juu ya bati la jikoni. Msumeno, siyo panga. Kwanza chanja kwa chini, kisha kata juu mbele kidogo, tawi likianguka ndipo usafishe kile kipande. Ukikata juu peke yake linavunjika na kuchuna gome mpaka chini. Pale tawi linapoota shinani pana uvimbe, hapo msiguse, ndipo kidonda kinapofungia. Na asitokee mjanja wa kuufyeka kichwa wote. Utomvu wa mwembe unaunguza, Rama vaa mikono mirefu.

Rama, 10:11
Samadi ya mbuzi nimwage shinani?

Mjomba Salimu, 10:12
Shinani itaozesha gome. Mwaga kule kinakoishia kivuli cha saa sita, mizizi ya kulia chakula iko huko. Matandazo ya majani makavu weka, ila shubiri moja na nusu kutoka shinani pabaki wazi.

Mama, 10:20
Bibi anauliza nguo ataanika wapi.

Idi, 10:22
Nitamsimamishia nguzo mbili za chuma Mama, mwisho wa mwezi.

Mama, 10:24
Anasema mwisho wa mwezi upi. Nguo zimelowekwa sasa hivi.

Idi, 10:25
Rama, fundi wa kuchomelea pale stendi anataka shilingi ngapi?

Mama, 10:27
Na pavingi zikitolewa zipangwe njia ya chooni, asizichukue mtu.