Fagio limebalansi kwenye kidole ila nimelikata vipande havilingani uzito, kwa nini?

Mchunguzi_Mdogo

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo. Mimi nipo kidato cha pili, Morogoro. Shuleni kwetu maabara ipo ila vifaa ni vichache, kwa hiyo likizo hii ticha wa fizikia alitupa kazi ya kubalansi vitu vya nyumbani tu, akakataza kununua chochote, akasema tuandike tulichokiona na sababu yake. Nimefanya majaribio manne, matatu nadhani nimeelewa, la nne limenivuruga kabisa na zimebaki siku tano tufungue.

La kwanza nilibananisha uma na kijiko, meno ya uma yakakishika kijiko, nikapitisha kijiti cha meno katikati ya meno halafu nikaegesha kijiti kwenye ukingo wa glasi. Vikaning'inia nje ya glasi havianguki, mipini yao imerudi kama inaikumbatia glasi. Mdogo wangu alikagua kama nimeweka gundi. Nikawasha kiberiti nikachoma ile ncha ya kijiti iliyo ndani ya glasi, ikaungua mpaka kwenye ukingo ikazimika yenyewe, bado vimekaa tu!

La pili kopo la soda la mililita 330. Likiwa tupu ukilisimamisha kwa kuinamisha kwenye ule ukingo wa chini uliokatwa mshazari linaanguka, likijaa linaanguka, ila nikitia maji kama mililita 100 linasimama limeinama, na ukiligusa taratibu linazunguka palepale halianguki. La tatu kadibodi nililokata umbo la ovyo, nikatoboa matundu matatu nikaning'iniza na uzi wenye jiwe, nikachora mistari mitatu ikakutana sehemu moja, nikaweka ncha ya kalamu hapo likakaa.

Sasa la nne. Kuna fagio la zamani la mpini wa mti, brashi imeisha, bimkubwa alishasema litupwe. Nikaliweka juu ya vidole viwili, kimoja mwisho wa mpini kingine karibu na brashi, nikaanza kuvisogeza vikutane. Ajabu ya kwanza vidole haviendi pamoja, kimoja kinatembea kingine kimeganda halafu vinabadilishana, na kila nikirudia hata nikifumba macho vinakutana palepale, kama sentimita 26 kutoka kwenye brashi. Hapo fagio linakaa kwenye kidole kimoja halilali huku wala kule. Nikaandika kwenye daftari kwamba hapo ndo uzito umegawanyika nusu kwa nusu, maana mizani ikikaa sawa si vitu viko sawa? Kaka yangu akabisha, basi tukachukua msumeno tukakata kwenye alama, nikakimbilia dukani kwa Mangi kwenye mizani ya dijitali. Kipande cha brashi gramu 410, kipande cha mpini mtupu gramu 215. Karibu mara mbili! Sasa ilikuwaje likabalansi? Naombeni mnieleweshe, sitaki kuandika jibu la kukariri.

Kaunta_Kuu

Dogo mimi nauza duka, nianzie kwenye mizani. Kitu kirefu kama mpini ukikilaza kwenye mizani ndogo mara nyingi mwisho mmoja unagusa kaunta au unaegemea ukuta, namba inashuka bila wewe kujua. Weka ndoo tupu juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, halafu simamisha kipande ndani ya ndoo kisiguse kitu kingine. Rudia hivyo kwanza kabla hujaanza kutafuta sababu za mbali.

Mchunguzi_Mdogo

Asante mkuu, nimerudi kwa Mangi na ndoo sasa hivi. Brashi 410, mpini 216. Kwa hiyo mizani haina kosa.

Ticha_wa_Chaki

Dogo hongera sana, inatoka moyoni. Nafundisha fizikia mwaka wa kumi na moja huu na sentensi ya "nusu kwa nusu" naikuta kwenye madaftari kila mwaka, wewe ni wa kwanza kwangu kuichukulia msumeno.

Kilichokuchanganya ni mizani yenyewe. Ile mizani ya sahani mbili tuliyoizoea, ya mawe upande huu na sukari upande ule, mikono yake miwili ina urefu sawa kutoka kwenye egemeo. Kwa sababu urefu ni sawa ndo maana ikitulia uzito nao unakuwa sawa. Tumeiona tangu utotoni mpaka tunaamini kutulia maana yake ni uzito sawa. Siyo. Kinacholingana ni uzito mara umbali kutoka kwenye egemeo, ndo tunaita momenti. Darasa la tano au la sita ulisoma wenzo, ukakariri egemeo, mzigo na jitihada, basi ni jambo lilelile. Watoto wakipanda ubao huku na huku, yule mnene akisogea karibu na katikati anabalansi na mwembamba aliyekaa mwishoni, na hakuna aliyepungua hata gramu. Archimedes aliiweka kanuni hii kwa maandishi huko Sirakusa karne ya 3 kabla ya Kristo, kwa hiyo ni ya zamani kweli.

Kwenye fagio lako brashi ni nzito lakini ipo karibu na kidole, mpini ni mwepesi lakini umeenda mbali. Usiniamini mimi, pima. Vipande si bado unavyo? Chukua kila kimoja kibalansi peke yake kwenye kidole upate kitovu chake cha graviti, yaani pale uzito wake wote unapohesabika kama umekusanyika, halafu pima kwa rula kutoka sehemu ulipokata mpaka kwenye hicho kitovu. Zidisha kwa gramu zake. Leta namba hapa.

Kuhusu vidole kupokezana, hiyo ni msuguano. Kidole kilicho karibu na kitovu kinabeba uzito mwingi zaidi, kwa hiyo kinashikwa na msuguano zaidi kinaganda, yule wa mbali amebeba kidogo anateleza. Akiteleza anakaribia, anaanza kubeba zaidi yeye, anaganda, mwenzake anaanza. Wanaenda hivyo mpaka wakutane kwenye kitovu, hawana pengine pa kukutania. Jaribu na rula yenye kifutio kimefungwa mwisho mmoja utaona hivyohivyo.

Mtu_wa_Pwani_ya_Kusini

Mwanangu mie nipo Unguja, nimekulia kwenye ngalawa na hilo jambo lako tunaliishi kila siku. Mtumbwi wa ngalawa unachongwa kwa gogo la mwembe, mwembamba mno, ukiutia majini peke yake na tanga unalala. Ndipo yanawekwa matengo pande mbili, yaani miti inatoka nje kushoto na kulia na mwisho wake kuna ubao. Ule ubao si mzito hata kidogo, mtoto anaubeba. Lakini uko mbali na mtumbwi, basi upepo ukisukuma tanga ule ubao wa upande unaolalia unazuia. Ungeuweka karibu ungehitaji ubao mkubwa sana kufanya kazi ile ile. Ndo huo mpini wako mwepesi wa gramu mia mbili unaozuiana na brashi ya mia nne.

Mama_Wawili

Nimefurahi sana kuona kijana anauliza hivi, nikupe na langu la kopo. Sisi tumebeba maji kichwani kutoka bombani tukiwa wadogo kuliko wewe, ndoo ya lita 20 ni kilo 20, kata ya kitambaa kichwani na safari. Ndoo iliyojaa hadi juu shida yake ni kumwagika, lakini iliyofika nusu ndo inayokusumbua shingo, maana maji yanaenda mbele yanarudi nyuma na wewe unayafuata. Mama yangu alikuwa anatuwekea matawi yenye majani juu ya maji, yanatulia. Nilikuwa nadhani ni kuzuia vumbi tu, mpaka siku nilipobeba bila majani nikaelewa. Sasa kwenye kopo lako maji hayo hayo yanayonisumbua mimi ndo yanakusaidia wewe. Ukiinamisha kopo, maji yanabaki usawa wake, yanahamia upande wa chini, uzito unakuja juu ya ule ukingo linaposimamia. Ukijaza hakuna pa kuhamia, uzito unabaki juu na nje ya ukingo. Likiwa tupu ni kopo lenyewe tu, uzito uko katikati ya kopo, nao unaangukia nje. Kama nimekosea ticha anisahihishe.

Ticha_wa_Chaki

Hujakosea mama, umeeleza vizuri kuliko kitabu chetu. Na lile la uma na kijiko liko hapohapo: kwa sababu mipini imerudi kuelekea glasi, kitovu cha vyote viwili kinakuja chini ya pale kijiti kinapogusa ukingo. Ile ncha ya ndani ilikuwa haibebi chochote ndo maana kuungua kwake hakukuleta shida, na moto ulizimika pale kwa sababu glasi inanyonya joto. Mchunguzi, kwenye lile kadibodi kata jingine lenye umbo la herufi L, mikono myembamba, ufanye na uzi tena. Mistari itakutana hewani, nje ya kadibodi. Wanafunzi wengi hawaamini kwamba kitovu kinaweza kuwa mahali pasipo na kitu.

Dereva_wa_Tanka

Mama umegusa kazi yangu. Naendesha tanka la mafuta Dar mpaka Tunduma na mlima Kitonga naujua kona kwa kona. Watu wanadhani tanka lililojaa ndo la kuogopwa, lililojaa ni zito kusimamisha ila limetulia, nusu ndo linakuvuta kwenye kona, wewe umeshakata usukani mafuta bado yanakwenda kule yalikokuwa yanakwenda. Ndo maana ndani tanka linagawanywa vyumba, na kuna kuta zenye matundu kupunguza mbio za mafuta. Dogo ukiandika kazi yako weka na hili, kwenye barabara siyo mchezo, kuna watu tumewazika.

Mchunguzi_Mdogo

Poleni sana mkuu, nitaliandika.

Nimepima. Kipande cha brashi kinakaa kwenye kidole sentimita 24 kutoka nilipokata, mara 410 ni 9,840. Mpini una urefu wa sentimita 94 umebalansi katikati kabisa kwenye 47, mara 215 ni 10,105. Nilipoona zimekaribiana hivyo nilimwita kaka tukahesabu tena wote wawili. Ila ticha hazijalingana kabisa, hiyo 265 imetoka wapi?

Ticha_wa_Chaki

Kidole chako kina upana gani? Upande wa brashi ukikosea nusu sentimita tu, jibu linaruka kwa 205. Balansi juu ya ukingo wa rula badala ya kidole, na utumie ile 216 uliyopima na ndoo. Halafu usifiche hiyo tofauti, iandike kama ilivyo na sababu yake.

Mchunguzi_Mdogo

Kwa ukingo wa rula brashi imetoka 24.6, yaani 10,086. Mpini 216 mara 47 ni 10,152. Tofauti 66 tu! Nimefuta ule ukurasa wa nusu kwa nusu, hapana, sijaufuta, nimeupiga mstari mmoja ili ticha aone nilichokuwa nafikiria mwanzo. Kesho asubuhi nakata ile L, halafu najaza kopo kwa mchanga mbichi badala ya maji, gramu 100 zilezile, maana mchanga mbichi haukimbilii upande. Nadhani halitasimama ila sina uhakika, nitaleta jibu hapa.