Tuta la reli Fela limetukatia njia, na hakuna aliyepanga tupite wapi

Wakuu, nawasalimu. Naandika nikiwa bado na matope miguuni, na hasira sijaimeza.

Kwetu ni kati ya Usagara na Fela, wilaya ya Misungwi, Mwanza. Mama mdogo anauza dagaa pale njia panda Usagara, na riziki ya nyumba nzima inatoka kwenye lile beseni lake. Leo alfajiri nimemsindikiza. Tumepita ndani ya kalavati lililowekwa kupitisha maji ya mvua chini ya tuta la reli mpya ya kisasa (SGR). Ameinama, beseni kalikumbatia kifuani, maji yamemfika kwenye ugoko, na mkono mmoja anapapasa ukuta asiteleze. Mama wa miaka hamsini na kitu! Njia ya zamani ilikuwa dakika kumi, unakatiza mashambani unatokea barabarani. Sasa kivuko kilichoachwa kiko mbali mno, bodaboda kumzungusha anataka elfu mbili kwenda tu. Mtu ambaye siku nzuri anabaki na elfu sita atalipaje hiyo kila asubuhi?

Reli tunaitaka, tena sana. Jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, liliwekwa hapahapa Fela Juni 2021, na mimi nilikuwepo, nimesimama juani nikipiga vigelegele na wenzangu. Ila tangu siku hiyo ninachokiona kikipangwa ni mstari wa reli. Mahali watu watakaposhukia, watakapopandia daladala, watakapouzia na watakapolala, hapajapangwa.

Nimekwenda ofisi inayohusika (siitaji, wenyewe wanajijua) mara tatu kuomba kuona ramani ya mipango miji ya eneo letu. Mara ya tatu nikakunjuliwa karatasi. Reli imechorwa vizuri, hadi kona zake. Pembeni, tunapoishi sisi, peupe. Nikauliza barabara ya kuingia stesheni itapita wapi, nikajibiwa eneo bado halijapimwa, nisubiri.

Madalali hawasubiri. Viwanja vya mita ishirini kwa ishirini vinakatwa kila wiki, vigingi vya miti vinapigwa hadi kwenye mapito ya ng'ombe. Mwezi uliopita mnunuzi mmoja kazungushia ukuta wa tofali palepale ambapo kwa akili ya kawaida daladala zingegeuzia. Simlaumu sana, kauziwa. Kesho ikija barabara, ukuta utapigwa X, fidia itadaiwa, kesi miaka. Hizo hela si zingetosha kupima eneo lote leo?

Na njia panda ya Usagara ndiyo hiyohiyo moja. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, magari ya Sengerema na Geita hayasubiri tena kivuko cha majini, yanakuja moja kwa moja. Ongezeni abiria wa treni na mizigo yao hapo hapo. Wa Mwanza mnaijua jiografia yetu: mawe huku, ziwa kule, na katikati barabara tatu tu za kuingilia mjini, ya Nyegezi, ya Igoma na ya Airport. Ndiyo maana naamini ipo siku tutahitaji treni za mjini, Buhongwa hadi katikati. Zitapita wapi kama kila kipande kimeshajengwa?

Tazameni Addis Ababa. Walifungua treni zao za mjini 2015, njia mbili, zaidi ya kilomita 30. Sehemu kubwa ya reli ikapita katikati ya barabara na kuta pande zote, na watu wa mitaa iliyokuwa inatazamana wakalazimika kutembea mbali kutafuta pa kuvukia. Yale ya kwao ndiyo haya yetu ya kalavati.

Sheria ya Mipango Miji ipo tangu 2007 na inataka wananchi washirikishwe. Kwetu mikutano yote niliyohudhuria ilihusu fidia ya miti na makaburi. Hakuna hata mmoja uliouliza mtoto atavukaje kwenda shule.

Ninachotaka: vivuko vya miguu vijengwe mvua za masika hazijafika, na uuzaji wa viwanja kuzunguka stesheni usimame hadi ramani ibandikwe ofisi ya kata tuione.

Wa Fela, Usagara na Misungwi kwa ujumla, mwenye picha ya njia iliyokatwa aiweke hapa chini na aseme ni kitongoji gani. Jumatatu napeleka barua kwa mtendaji wa kata, na mama mdogo kasema anakuja na mimi.