Mahé hadi Unguja kwa tanga: Septemba au tungoje Januari?

Baharia_Mgeni
Salaam wakuu. Niko Victoria, kisiwa cha Mahé, Shelisheli, na yoti ya tajiri, futi 38. Tuko watatu, inatakiwa irudi Unguja, kama maili 970 za bahari. Mwenzangu anasema tung'oe nanga Septemba, kusi, ule upepo wa kusini-mashariki, ingalipo. Mimi nasema Januari: bahari shwari, na tangu zamani kaskazi ndiyo inayoleta vyombo kwetu. Mnaonaje?

Mzee_wa_Bisho
Mwanangu, kaskazi ya Mahé si kaskazi ya Unguja. Kwetu inatoka kaskazini-mashariki. Huko visiwani, Desemba hadi Machi, inavuma kutoka kaskazini-magharibi, tena na mvua. Utatoka bandarini na upepo wa omo, unaokujia mbele ya chombo, ubishe kwa kwenda mshazari siku kadhaa ndipo ukutane na ule unaoujua. Septemba kusi inakushika ubavu wa kushoto, kwa nyuma kidogo. Chombo kinakwenda chenyewe.

DadaWaShela
Kinakwenda chenyewe na wewe unatapika ndooni 😅 Mimi nilivuka Agosti. Siku tatu za mwanzo hakuna aliyegusa sufuria. Agosti hapana, kusi ina kifua. Mwisho wa Septemba inaanza kulegea, hapo sawa. Pikeni kabla: chapati, mayai ya kuchemsha, na mashelisheli ya kuchoma. Uko kwenye asili ya jina, utakosaje?

Fundi_Tanga
Tarehe mtakubaliana. Maji je? Lita 4 kwa mtu kwa siku. Mkienda noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, mnafika siku ya nane, lakini hesabu 14: lita 168. Msiweke yote kwenye tangi moja, gaweni kwenye madumu.
Halafu mtu apande mlingotini aguse kwa kidole kila pini ya waya zinazoshika mlingoti. Kutazama kwa chini hakutoshi. Yangu ilikuwa na ufa kama unywele chini ya tepu nyeusi, na tepu yenyewe nilikuwa nimeifunga mimi, nikajiona fundi.

Mzee_wa_Bisho
Na mkondo. Karibu na pwani yetu maji yanakwenda kaskazini, na wakati wa kusi yanaweza kufika noti 4. Ukiilenga Unguja yenyewe utaishia kuitazama Pemba. Lenga kusini zaidi, uache maji yakupandishe. Ila huko kusini ndiko kiliko Fungu Kizimkazi, ambacho ramani zinakiita Latham. Kitambarare, hakifiki mita 5 kwenda juu, kimejaa ndege. Usiku utakinusa kabla hujakiona. Panga upite mchana.

Baharia_Mgeni
Shikamoo mzee, nimeelewa. Mwenzangu amesoma haya yote, anatamba hapa hakukaliki. Kesho naenda kuulizia karatasi za kuondokea. Hicho kisiwa nikipite upande gani?

Mzee_wa_Bisho
Marahaba. Kaskazini yake, tena mbali. Mkondo ukikuzidi nguvu, ukutoe kwake, usikupeleke juu yake.